Siku moja nyuma ya kaunta ya duka la vitabu, Moshi

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, nilishuka kwenye daladala itokayo Kiboriloni na kuwa wa kwanza kufika dukani, hatua chache kutoka Mnara wa Saa. Baada ya kufuta vumbi kwenye rafu nilichukua kitabu kimoja kati ya vilivyoingia wiki iliyopita, nikakifungua katikati, nikasoma ukurasa mzima nikiwa nimesimama. Kurasa za mwanzo hazinisaidii sana, kwa kuwa karibu kila mwandishi huupiga pasi mwanzo wake. Ni kule katikati, ambako amechoka na anadhani hakuna anayemtazama, ndiko ninakojua kama ana la kusema.

Saa tatu aliingia mama mmoja anayeuza ndizi katika soko la Mbuyuni, akitafuta kamusi ya Kiswahili ya mwanawe aliyeanza kidato cha kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe ile nene, nisije nikarudi tena."

Niliweka mbili mezani: ile nene, ambayo pia ilikuwa ya bei nafuu, na nyingine nyembamba kidogo iliyoizidi kwa shilingi elfu kadhaa. Nikamwomba atafute katika zote mbili neno ambalo yeye analijua kuliko mimi. Alichagua "mkungu". Katika ile nene alikuta maelezo ya maneno mawili tu. Katika ya pili alikuta wingi wa neno, ngeli yake, maana zaidi ya moja na sentensi ya mfano, ambayo aliisoma kwa sauti mara mbili, huku kidole chake chenye doa jeusi la utomvu wa ndizi kikifuata mstari bila kuugusa ukurasa. Kisha akaisukuma ile nene pembeni kwa kiwiko.

Kabla hajalipa nilimwonyesha pia mwaka wa toleo, jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kwa mfano, ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, ikafuatiwa na toleo la pili mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Jina ni lile lile, lakini mtoto wa leo akipewa la 1981 hatakuta humo neno lolote la mambo ya intaneti.

Saa tano alipita mwalimu wa shule ya msingi, na kwake sikuwa na ushauri mrefu. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika mwaka 2024, kitabu cha kiada kilichofuata muhtasari wa zamani ni hasara hata kikiuzwa kwa nusu ya bei.

Saa saba, nikila wali maharage nyuma ya kaunta, nilipekua nakala moja moja za mzigo mpya. Tabia hii niliipata kwa uchungu. Mwaka juzi nilipokea riwaya kutoka kwa mchuuzi mmoja aliyetoa bei nzuri mno, na baada ya siku mbili mteja akarudi akiwa amekasirika, kwa haki kabisa: kurasa za 33 hadi 48 zilijirudia, na za 49 hadi 64 hazikuwamo. Vitabu vingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, hivyo fungu moja likiingizwa mara mbili badala ya linalofuata, hadithi hukatika pale pale inapopamba moto. Nilimrudishia fedha yake yote, lakini sikuwahi kumpata tena yule mchuuzi.

Saa nane na nusu alikuja kijana wa bodaboda, kofia ngumu mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye kitabu chenye jalada la rangi ya dhahabu kilichoahidi utajiri. Nilimpa kigoda.

"Kaka, soma kwanza yaliyomo, halafu uniambie sura ya tatu inasema nini ambacho ya kwanza haijasema."

Alikaa karibu nusu saa, akipuuza simu mbili. "Dada, huyu anarudia tu."

Tulifungua pamoja ukurasa wa haki miliki. Kilikuwa kitabu cha tafsiri, lakini mfasiri hakutajwa, wala mwaka, wala mchapishaji. Nilichukua riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la "Peponi", nikamwonyesha kwamba mfasiri, Ida Hadjivayanis, ametajwa waziwazi. Nilimwonyesha pia ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu; ndani yake tarakimu 9976 au 9987 baada ya 978 humaanisha kwamba namba hiyo imetolewa Tanzania. Namba hiyo haithibitishi uzuri wa kitabu, lakini asiyejitaja jina simpi fedha yangu kwa urahisi. Kijana alisoma kurasa tatu, akaacha shilingi elfu tano za kutanguliza, akaahidi kurudi Ijumaa.

Saa kumi na moja, baada ya kujumlisha mauzo, nilikwenda kwenye rafu ya chini kabisa, ambako kwa wiki tatu nilikuwa nimekificha kitabu kimoja cha hadithi fupi, mgongo wake ukitazama ukutani ili mteja asikione. Nilikuwa nimekwisha kusoma kurasa zake kumi na tano za katikati, ukurasa mmoja kila asubuhi. Niliandika bei yake kwenye daftari la makato ya mshahara wangu, nikakitia mkobani.

"Hatimaye," alisema mama mwenye duka bila kuinua macho. "Nilikuwa nakirudisha kila nikifuta vumbi."