Uzoefu wangu: dozi ya vidonda vya tumbo, fangasi, na kidonge cha hamira

Wapendwa naandika hii kwa yeyote aliyeanzishiwa dozi ya H. pylori, yani bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, ile ya amoksilini, klarithromaisini na omeprazo, maana mi katikati ya dozi nilianza kuharisha sana afu ulimi ukaweka utando mweupe, nikaambiwa ni fangasi. Yani antibayotiki zinaua H. pylori lakini zinaondoka na bakteria wazuri pia, na hao ndo huwa wanambana kandida, yani huyo fangasi, asizidi. Kandida mwenyewe anaishi tumboni mwa watu wengi tu wazima.

Basi kila mtu na saplimenti yake ya kumaliza fangasi zote, mara vidonge vya kitunguu saumu, mara mafuta ya nazi kijiko kila asubuhi. Nikamfuata mfamasia tukapitia moja moja. Hayo mafuta akasema kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts Marekani wa 2015, kandida ilipungua kweli tumboni, ila ni kwa panya.

Alichonipa ni Saccharomyces boulardii, na yenyewe ni fangasi jamani, ndugu wa hamira ya maandazi! Mfaransa Henri Boulard aliitoa kwenye maganda ya matunda kule Indochina miaka ya 1920. Kwa vile ni hamira antibayotiki haiigusi, unameza humohumo ndani ya dozi na inasaidia kupunguza kuharisha.

Sasa hapa naomba mnisome vizuri, kama umeandikiwa na dawa ya fangasi kama nistatini au flukonazo usichanganye, itaua na hiyo hamira uliyoinunua kwa hela yako. Mi nilimaliza kwanza nistatini ya mdomoni ndo nikaanza vidonge vya hamira, na tumbo likatulia taratibu mpaka nikamaliza dozi yote bila kuikatisha, hilo ndo nashukuru zaidi. Ukiacha kuimeza inatoka yenyewe ndani ya siku chache, haiweki makazi.

Shangazi yangu aliposikia akaitaka na yeye, yuko kwenye matibabu ya saratani na amewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu. Nikamwambia shangazi hapana, hii kwako ni hatari, kwa mtu mwenye kinga ndogo au mpira kama huo hamira inaweza kuingia kwenye damu na watu wamekufa kwa hilo. Hata kukifungua hicho kidonge karibu na mgonjwa wa hivo hairuhusiwi, unga wake unaruka na kubaki mikononi.