Simu tumboni mwa tableti
Leo nimeitoa kabatini PadFone yangu, ile ya Asus ya mwaka 2012 aliyoniletea kaka toka London. Wanangu wameishangaa! Simu ya inchi 4.3 unaitumbukiza nyuma ya tableti ya inchi 10.1, unafunga kifuniko, picha inahamia kioo kikubwa. Ukiichomoa, tableti inazima, maana akili yote imo kwenye simu. Tableti ukiipachika kwenye kibodi yake, simu ikiwa ndani, tayari una kompyuta ndogo. Laini moja, bando moja. Ripoti zangu niliziandikia kwenye basi, Dar hadi Dodoma, betri ya tableti ikiichaji simu njiani. Jamani, sijawahi kukipenda kifaa namna hii. Herufi A imefutika kabisa kwenye kibodi.