Jiwe la Kukalia

Wapendwa katika Bwana, juma hili tumekaa na Kutoka 17:8-13. Pale Refidimu Yoshua anapigana na Waamaleki, naye Musa yuko juu ya kilima, fimbo mkononi. Mikono inakuwa mizito. Ukisoma mstari wa 12 taratibu utaona jambo: kabla Haruni na Huri hawajaishika ile mikono, kwanza lililetwa jiwe, likawekwa chini, Musa akalikalia. Wala hakuna aliyempokonya kazi. Ilibaki yake, kilichobadilika ni namna ya kuifanya.

Tunakuandikia hasa wewe unayeishi na maltipo sklerosisi, yaani MS, na una ajira unayotaka kuilinda. Ugonjwa huu huwapata wengi kati ya miaka 20 na 40, umri wa kujijenga kazini. Kinga ya mwili hushambulia mayelini, ala inayofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa jicho, na ujumbe huchelewa au hupotea njiani. Ndiyo maana mtu anaweza kuonekana mzima saa tatu asubuhi, ikifika saa tisa alasiri kalamu inamponyoka vidoleni. Wenzake huona uvivu. Mara nyingine hata yeye mwenyewe huamini hivyo, akatubu dhambi ambayo hakuitenda.

Anza kwa kuujua mwili wako kwa maandishi. Kwa wiki 2, kila baada ya saa 2, andika kwenye daftari: ni saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, chumba kina joto kiasi gani, uchovu ni alama ngapi kati ya 0 na 10. Wengi hugundua kuwa saa zao nzuri ni 2 au 3 za mwanzo wa siku. Hapo ndipo pa kuweka mahesabu na ripoti. Kupanga mafaili kusubiri alasiri. Mapumziko nayo yaje kabla ya kuchoka, dakika chache kila saa, macho yamefumbwa, simu iko mbali. Ukingoja mpaka nguvu ziishe, dakika hizo hazitoshi tena, na siku ya pili utalipa deni.

Joto lina habari yake. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza jinsi macho ya wagonjwa hawa yalivyofifia baada ya mazoezi. Leo tunajua kwamba joto la mwili likipanda hata nusu nyuzi tu, mshipa uliopoteza mayelini hupitisha ujumbe kwa shida zaidi. Ukipoa, dalili hurudi nyuma. Kwa hiyo feni, maji baridi, fulana ya kupozea na meza iliyo mbali na dirisha la jua ni vifaa vya kazi kama ilivyo kompyuta. Lakini dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24, bila homa wala maambukizi, wasiliana na daktari wako siku hiyohiyo.

Kuna mambo mawili watu huyaficha kwa aibu. La kwanza ni kibofu. Wengi hupunguza maji ili wasiende chooni mara kwa mara. Mkojo mzito hukiudhi kibofu zaidi, na maambukizi yakiingia dalili zote hupanda. Afadhali kunywa maji kama kawaida na kuomba meza iliyo karibu na choo. La pili ni akili kwenda polepole: neno linakwama, maagizo matatu ya mdomo yanabaki moja. Omba maagizo kwa maandishi, fanya jambo moja kwa wakati, na kila baada ya kikao mwandikie msimamizi mistari 3 ya mlichokubaliana.

Basi, marekebisho haya uyaombe lini kazini? Mapema. Kosa tunaloliona likirudiwa ni mtu kujificha mpaka barua ya onyo imfikie. Akisema baada ya hapo, maneno yake husikika kama kisingizio. Si lazima ofisi nzima ijue. Zungumza na msimamizi au ofisi ya utumishi, ueleze unachoweza na kinachokukwamisha, kisha utaje mambo 3 au 4 tu, kwa maandishi, ubaki na nakala. Pendekeza majaribio ya wiki 6 na tarehe ya kuyapitia. Barua ya daktari ieleze uwezo wako wa kufanya kazi, isisimulie historia nzima ya maradhi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ibara ya 27, unataja marekebisho stahiki mahali pa kazi. Huombi sadaka.

Tena, tafadhali, usiandike barua ya kuacha kazi wakati dalili zimepamba moto. Mara nyingi hupungua baada ya wiki au miezi. Chukua likizo ya ugonjwa. Uamuzi mkubwa uusubirishe.

Nanyi ndugu wa kanisani, mpunguzieni mtu huyu zamu za mkesha bila kumhoji imani yake. Asiwepo wa kumwambia aache dawa ili aonyeshe anaamini. Dawa hizo hupunguza mashambulizi mapya, na madhara ya kuziacha yanaweza yasirudishike. Mfulieni nguo, mnunulieni mahitaji, ili nguvu chache alizonazo zifike kazini.

Maombi ya juma hili: tuwabebe wenye miadi na wasimamizi wao. Ukijua nani anaingia ofisini saa ngapi, omba saa hiyohiyo, na ikiwezekana uwe nje ya mlango ukimngoja.