Saa ya Upande Mmoja

Niliandika kwenye chati: "Mgonjwa ni mkaidi, anakataa kuoga." Nikaweka saini na saa, nikajiona nimefanya kazi.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, na wodi ile ya wazee sikuipenda. Moyo wangu ulikuwa wodi ya wazazi, kwenye vilio vya watoto wachanga. Nikapangiwa Bibi mmoja aliyekuwa fundi cherehani enzi zake. Kila asubuhi nilimletea beseni na taulo, naye kila asubuhi alinitazama kama niliyekosea mlango. "Nimeshaoga, mwanangu. Wewe je?" Nikambembeleza, nikamwelekeza, na siku ile, nasema ukweli, nikambishia. Akanimwagia maji.

Wakati wa kupokezana zamu, sista aliyekuwa kiongozi wetu alisoma ripoti kwa sauti mpaka akafika kwenye lile neno. Akanyamaza. Hakunikemea. Alichukua karatasi tupu, akachora duara, akanipa. "Mwambie aweke namba za saa, halafu mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Usimsaidie."

Bibi alishika kalamu vizuri tu. Akaandika 1, 2, 3, akaendelea kushuka upande wa kulia, namba zikibanana kama abiria, na alipofika 12 hakusimama. Akaandika 13, akaandika 14. Upande wa kushoto ukabaki mweupe. Mishale hakuweka. Akainua karatasi, akaitazama kama fundi anavyotazama kola, akaniuliza, "Iko sawa?"

Nikasema iko sawa. Sikujua jibu lingine.

Sista alinieleza tukiwa tumesimama mlangoni mwa stoo ya mashuka. Katika ugonjwa wa Alzheimer, unaodhoofisha kumbukumbu polepole, hipokampasi, yaani sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya ili yahifadhiwe, ni miongoni mwa zinazoshambuliwa mapema. Asubuhi ya leo haiingii. Zinazobaki ni asubuhi za zamani, na katika hizo zote Bibi alikuwa ameshaoga. "Hakudanganyi wala hakukatai," alisema. "Mtu asiyemjua anataka kumvua nguo. Wewe ungefanyaje?"

Kesho yake nilimkuta ameshika ukingo wa shuka lililofumuka. Vidole vilikunja pindo mara mbili, vikalibana kwa ukucha, vikasogea mbele. Nikaomba ruhusa ya sista, nikaleta sindano na uzi, nikakaa karibu yake. Nilipomuuliza hiki ni nini, alihangaika. "Hicho... cha kupitishia." Jina lilikuwa limepotea. Lakini alitunga uzi mara ya kwanza tu, akaupiga fundo kwa mkono mmoja, akaanza kushona, na mishono yake ilikuwa midogo na sawasawa kuliko yangu itakavyowahi kuwa. Ufundi wa mikono hutunzwa kwingine ubongoni, ambako ugonjwa huu huchelewa kufika.

"Bibi, tukimaliza pindo tukaoge?"

"Tumalize kwanza."

Tukamaliza, tukaenda kuoga. Keshokutwa yake alikuwa amenisahau, akakataa tena, na safari hii hata shuka halikusaidia.

Usiku ule wa pindo sikulala mapema. Nilisoma juu ya Auguste Deter, aliyekuwa na miaka 51 alipopokelewa hospitalini Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1901, na daktari Alois Alzheimer akakaa naye akimhoji. Jina lako? Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Mumeo je? Auguste, nadhani. Mchana alikuwa akila nyama ya nguruwe na koliflawa. Alipoulizwa anakula nini, akasema mchicha. Alifariki Aprili 1906, na daktari akachunguza ubongo wake kwa hadubini: nje ya seli madoa ya kitu kilichoganda, ndani ya seli nyuzi zilizosokotana. Leo tunajua yale madoa ni protini ya amiloidi na zile nyuzi ni protini nyingine, tau. Novemba mwaka huohuo alieleza hayo mbele ya madaktari wenzake kule Tübingen, wala hawakujishughulisha naye sana. Jina la ugonjwa lilitoka kwenye kitabu cha daktari wa magonjwa ya akili, Emil Kraepelin, mwaka 1910.

Hadubini haikunigusa kama yale mahojiano. Mtu yule alikuwa ameandika majibu ya mgonjwa neno kwa neno, hata ule mchicha. Mimi nilikuwa nimeandika neno moja, tena langu.

Chati haifutwi. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, unaweka saini. Asubuhi nilipiga mstari juu ya "mkaidi", na chini yake nikaandika: Anasema, "Nimeshaoga, mwanangu. Wewe je?"