Niliaga Alhamisi, Ijumaa Nikarudi

Ushauri wa kuaga niliopewa ulikuwa mmoja tu, nao ndio ulionitia aibu. Rafiki yangu aliyewahi kwenda mafunzo kwa vitendo nje ya nchi kabla yangu aliniambia hivi: "Usianze kuaga mapema, utawachosha watu. Siku ya mwisho waandikie wote barua pepe moja, wakusanye, sema mawili matatu, toka." Aliyasema kama mtu aliyehitimu somo lenyewe. Nikamwamini, maana yeye alikuwa ameshakwenda na kurudi, mimi ndio kwanza nahangaikia pasipoti.

Miezi 6 baadaye, Alhamisi saa 10 jioni, nikafanya kama nilivyoelekezwa. Ndege yangu ilikuwa ya Jumapili, Ijumaa nilikuwa nimeitenga kwa kufunga mizigo. Barua pepe niliitunga siku tatu nzima, ikafika aya saba, na ndani yake niliishukuru hata mashine ya kunakili. Hotuba niliikariri kwa lugha yao mbele ya kioo cha bafuni, na bila kujisifu sana, ilikuwa inakwenda vizuri. Nilipofika kwenye "nitawakumbuka" sauti ikakatika. Nikalia. Nililia peke yangu, wenzangu 11 wakitazama viatu vyao. Nikawakumbatia mmoja mmoja, nikakabidhi kitambulisho cha mlangoni, nikapunga mkono kama msanii anayeshuka jukwaani: "Kwaheri ya kuonana!" Kiswahili hicho nilikuwa nimewafundisha mwenyewe.

Kumbe kweli ilikuwa ya kuonana.

Chumbani nikatoa cheti kwenye bahasha nikipige picha nimtumie mama. Jina la ukoo limekosewa herufi, tarehe ya kumaliza haipo. Nikafungua na kile kitabu cha kumbukumbu ambacho chuo kinataka kila wiki iwe na saini na mhuri. Wiki mbili za mwisho nyeupe pee. Na chuo changu kwenye mambo ya mhuri hakina utani.

Ijumaa saa 3 asubuhi nikawa langoni. Mlinzi, yuleyule aliyenipungia jana yake, alinitazama kama aliyeona mzimu. Kitambulisho changu kilikuwa kimeshafutwa, barua pepe ya ofisini nayo imefungwa usiku, kwa hiyo hata kumwandikia msimamizi wangu sikuweza. Nikapewa kadi ya kuning'iniza shingoni, imeandikwa kwa herufi kubwa: MGENI. Msimamizi yuko kikaoni mpaka saa 6. Kaa hapo mapokezi.

Sijui kama umewahi kukaa saa tatu nzima kwenye kochi linalopitwa na watu wote uliowalilia jana yake. Wa kwanza alishtuka, akauliza kama ndege imeahirishwa. Wa pili aliguna, akajifanya anasoma simu. Yule niliyemkumbatia muda mrefu kuliko wote alipita kwenda kuchota maji, tukapeana ishara ya kichwa. Akarudi, ishara ya kichwa. Akapita tena, ishara ya kichwa. Mara ya nne akazungukia mlango wa nyuma, nikamwona kupitia dirishani na bilauri yake mkononi. Mtu aliyekwisha kuagwa hana salamu yake.

Aliyekuja kukaa na mimi ni mama wa usafi. Miezi yote ile tulikuwa tunakutana asubuhi kabla wengine hawajafika: yeye anamalizia sakafu, mimi nanyata ukutani kwa ncha za vidole nisimchafulie. Barua pepe ya ofisi hakuwa nayo, na wakati wa hotuba zamu yake ilikuwa imeshakwisha. Kwa hiyo hakujua lolote. Akaniuliza, "Leo mbona umechelewa?" Nikamwambia naondoka keshokutwa. Akanyamaza. Akavua glovu moja ya mpira, akaupangusa mkono kwenye aproni, akanipa. Kwenye aya zangu saba, zenye mashine ya kunakili, yeye hakuwemo.

Hapo ndipo nilipochana karatasi za daftari nikaanza upya. Vipande 12, kila mtu na chake, kila kimoja na jambo moja tu la kweli. Mmoja nilimshukuru kwa kunirudishia faili nililolifuta wiki ya kwanza bila kumwambia bosi. Mwingine kwa kunisahihisha matamshi pembeni, si mbele za watu. Ile barua pepe ndefu ilijibiwa na watu wawili, na jibu la mmoja wao lilikuwa lile linalojituma lenyewe kwamba yuko likizo. Vipande vya daftari vimejibiwa na tisa, na wawili kati yao bado tunaandikiana.

Nisionekane mjinga wa kila kitu: barua ya mapendekezo niliiomba wiki tatu kabla, nikampa msimamizi ukurasa mmoja wenye kazi nilizofanya na tarehe zake. Akabadilisha maneno machache, akasaini. Anayeomba siku ya mwisho hupata mistari miwili ya "alikuwa na bidii". Anwani za watu nazo nilikuwa nimezinakili mapema. Laini ya simu ya kule, usiitupe kabla hujafunga akaunti ya benki. Namba za uthibitisho zinakwenda huko huko, na mimi ilinigharimu simu ndefu za nje kadhaa. Mizigo, kilo 23 zinajaa haraka kuliko unavyodhani, na ile betri ya akiba ya kuchajia simu inakaa kwenye begi la mkononi. Mimi niliifukua kwenye sanduku kaunta, watu wakinisubiri nyuma.

Msimamizi alitoka saa 6 na nusu. Akasaini, akagonga mihuri, cheti kikachapwa upya. Akauliza kama nataka awaite wenzangu niwaage tena. Nikasema hapana, asante sana, nikatoka mbio.

Kituoni nikagundua kadi ya MGENI bado inaning'inia shingoni. Nikalitazama lango, nikaitazama kadi. Basi likafika, nikapanda.