Kaunta ya sushi, Ginza
Migahawa ya sushi ya hadhi ya juu pale Ginza, Tokyo, mara nyingi ina kaunta ya viti 8 hadi 10 tu. Unasema omakase, yaani mpishi akuamulie. Manukato acha hotelini, yanaua harufu ya samaki.

Nigiri, yaani kitonge cha wali chenye kipande cha samaki juu, ikitua mbele yako, uile palepale, kipande kizima mara moja. Kwa vidole ruksa. Wali wake una joto kama la mwili, ukihangaika na picha unapoa na kukakamaa. Sosi ya soya mpishi keshaipaka kwa brashi, wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, iko ndani. Asipopaka, chovya upande wa samaki, maana wali ukilowa unamomonyoka. Na tangawizi ni ya kusafisha kinywa kabla ya kipande kingine, jamani, si kachumbari ya kuwekea juu!