Siku moja ya fundi wa sinthesaiza: ubovu unaishia wapi, tabia inaanzia wapi?

Watu wakijua kwamba natengeneza sinthesaiza, yaani vinanda vinavyounda sauti kwa umeme, swali la kwanza huwa ni hilo hilo: za zamani na za kisasa, zipi bora? Wabishane wenye muda. Swali linalonikalia mimi kichwani ni jingine: kati ya mambo yote ambayo mashine iliyo mbele yangu inayafanya visivyo, lipi niliondoe na lipi niliache? Nimeandika siku moja ya kazi, saa kwa saa, muone lilivyo gumu.

Saa 2 asubuhi

Kabla ya lolote nawasha Minimoog Model D iliyoletwa jana, kisha naiacha. Siigusi. Ni ala iliyoanza kutengenezwa mwaka 1970, na osileta zake tatu, saketi zinazozalisha sauti yenyewe, zinategemea transista ambazo joto likipanda nazo hubadilika. Ukiipima ikiwa baridi, utarekebisha kosa ambalo nusu saa baadaye halipo, na utazalisha jingine ambalo halikuwepo.

Mwenye nayo ameibandikia kikaratasi: "Fundi, inateleza. Lakini usiinyooshe sana, utaua utamu wake." Maneno hayo, au ndugu zake, nayasikia karibu kila wiki.

Saa 2 na nusu

Wakati ile inapata joto, nahamia kwenye Juno-106. Hii ni ya 1984, sauti sita, yaani inapiga noti sita kwa pamoja, na malalamiko ni kwamba "kibonyezo kimoja kinakwaruza". Kumbe si kibonyezo. Ala hii hugawa kazi kwa zamu: noti ya kwanza inapewa sauti ya kwanza, inayofuata ya pili, mpaka ya sita, halafu inarudi mwanzo. Kwa hiyo ukipiga noti moja moja, mkwaruzo unahama kutoka kibonyezo hadi kibonyezo, na mtu anaweza kudhani mashine ina mzimu. Dawa ni kushikilia kitufe cha KEY TRANSPOSE huku ukiwasha umeme. Mashine inaingia kwenye hali ya majaribio, na kila noti unayopiga, kioo kinakuonyesha namba ya sauti inayoitoa. Leo ni namba 4.

Kila sauti ina chipu yake, 80017A, inayobeba kichujio, kinachokata sehemu ya sauti na kuibadilisha rangi, pamoja na sehemu inayopandisha na kushusha ukubwa wa sauti. Chipu hizi zimefunikwa kwa utomvu mgumu mweusi, na mafundi wengi tunakubaliana kwamba utomvu huo ukizeeka huanza kupitisha umeme kidogo mahali usipotakiwa kupita. Simlaumu mtu. Aliyeichora hakuwa na sababu ya kudhani ingekuwa bado inapigwa miaka 40 baadaye. Tiba inayojulikana ni kuzing'oa, kuziloweka kwenye asetoni mpaka utomvu ulainike, kisha kuubandua polepole bila kuvunja miguu ya chipu. Kuna pia chipu mpya zilizoundwa kuchukua nafasi ya hizo.

Naziloweka zote sita, ijapokuwa inayoumwa ni moja. Umri wao ni mmoja. Kama ya nne imeanza kulalamika, ya tano iko njiani. Na hapa sina mjadala wa utamu: mkwaruzo wa Juno ni ugonjwa, basi. Bado sijakutana na mtu aliyeulilia baada ya kuondoka.

Saa 3 na robo

Minimoog sasa ina joto lake. Nazima osileta mbili, naacha ya kwanza peke yake, napiga A ya kati: hezi 440, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde. Ukipanda oktava unatakiwa kupata 880, ukishuka 220. Utaratibu ni volti moja kwa oktava moja, na kila volti inayoongezeka lazima izidishe masafa mara mbili kamili. Ya kwanza iko sawa. Ya pili chini ni nzuri, ila juu, mahali pa 880, inatoa 868. Imechoka kupanda.

Sasa turudi kwenye kile kikaratasi. Mwenye ala anaposema "inateleza", anazungumzia mambo mawili ambayo kwake yamekuwa kitu kimoja.

La kwanza ni hili. Osileta mbili zikiachana kidogo, tuseme 440 na 441, hazisikiki kama sauti mbili. Zinasikika kama moja inayopanda na kushuka mara moja kila sekunde. Ukipanda oktava, 880 na 882, inapumua mara mbili kwa sekunde, na sikio halina shida nayo kwa sababu uwiano ni ule ule. Huu ndio unene ambao watu wameupenda kwa zaidi ya nusu karne. Tena si ajali: mbele ya ala, osileta ya pili na ya tatu zina kizungushio chao cha masafa, umewekewa ili uzitenganishe upendavyo.

La pili ndilo nililolipima sasa hivi. Osileta haifuati vibonyezo. Chini inaungana na mwenzake, juu inaachwa nyuma, na kizungushio cha mbele hakisaidii; ukikipatanisha juu unaharibu chini. Mpigaji hakuuchagua mpangilio huo. Amechaguliwa, na amelazimika kukwepa upande mzima wa kulia wa kinanda chake bila kujua.

Kwa hiyo uamuzi wangu: kupanda kwa oktava nanyoosha mpaka mwisho, bila huruma. Kutengana kwa osileta nakuacha mikononi mwake. Mtu akitaka zitengane, azitenganishe mwenyewe.

Kunyoosha kwenyewe kunachosha kuliko kunavyosimuliwa. Unakaza skrubu ndogo juu panakaa, chini panasogea. Unarudi chini, juu panasogea, ila safari hii kidogo. Unakwenda na kurudi hivyo mpaka pande zote mbili zitulie. Ukikohoa juu ya bodi iliyo wazi, subiri kwanza.

Saa 5

Korg Polysix, ya 1981. Hapa wala sihitaji kuiwasha. Nafungua kifuniko, naangalia bodi inayoitwa KLM-367, na betri ni ile ile ya awali, ya nikeli na kadimiamu, imevuja. Rangi ya kijani imetambaa kwenye njia za shaba.

Betri hii iliwekwa kwa jambo jema. Polysix inahifadhi mipangilio 32 ya sauti, na umeme ukizimwa betri ndiyo inayoishikilia kumbukumbu. Lakini kinachovuja ni alkali, na alkali inakula shaba hata ala ikiwa imefungwa stoo haiguswi. Ndiyo maana "haijatumika kabisa, iko kama mpya" ni maneno yanayonitisha kuliko "tumeizungusha nayo kwenye matamasha miaka yote". Iliyotumika angalau kuna mtu aliiona ikianza kuumwa.

Naing'oa betri. Siki kidogo kwa brashi, kwa sababu asidi huzima alkali, halafu maji safi, halafu spiriti, halafu kukausha. Njia zilizokatika naziunganisha kwa waya mwembamba, moja baada ya nyingine, nikifuata mchoro. Mahali pa betri naweka ya lithiamu, lakini pamoja na diodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, maana saketi ya zamani bado itajaribu kuichaji, na betri ya namna hiyo haitakiwi kuchajiwa. Wapo wanaoiruka diodi. Mimi siruki.

Kazi hii inakula asubuhi yote iliyobaki, na haina hadithi. Ni waya, mita inayolia tii, waya.

Saa 7 na nusu mchana

Nimekula. Sasa Yamaha DX7, ya 1983.

Napenda kuiweka benchi baada ya ala za analogi, zile zinazounda sauti kwa umeme bila namba, kwa sababu inanivunjia nadharia. Haina osileta ya kuteleza. Sauti yake ni hesabu: wimbi moja linatikisa masafa ya jingine, wazo ambalo John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford alilifikia mwaka 1967 na Yamaha wakachukua leseni yake. Inatumia opereta sita, yaani vizalisha mawimbi, zinazoweza kupangwa kwa namna 32, na inatoa noti 16 kwa pamoja. Ilipotoka, wengi waliona ala za analogi zimepitwa, wakaziuza kwa bei ya kutupa. Nyingi ya mashine zinazoheshimiwa leo ziliokolewa na watu ambao walikuwa hawana uwezo wa kununua DX7.

Shida ya leo ni betri tu, imekwisha nguvu, nayo imechomelewa kwenye bodi. Nikiitoa, sauti 32 alizozipanga mwenye ala zitafutika. Kwa hiyo kwanza nazihamishia kwenye kompyuta kwa MIDI, njia ya ala za kielektroniki kupeana data. Zote 32 hazifiki hata baiti 4,200, na kwa mwendo wa MIDI, biti 31,250 kwa sekunde, zinapita kwa sekunde moja na ushei. Miaka ya jasho la mtu, sekunde moja na ushei. Nahakikisha zimefika, ndipo naikamata betri.

Ila naye ameacha agizo: "Ule mvumo wa chini usiuguse." DX7 inageuza namba kuwa umeme kwa chipu ya biti 12, na noti inapofifia unasikia chembechembe. Kampuni za kisasa zinaweza kutoa sauti safi kuliko hiyo bila hata kujaribu, na bado kuna watu wanaozitafuta chembechembe. Huyu simbishii. Mvumo huo ulikuwepo siku ala ilipotoka kiwandani, na uko kwenye kila noti kwa kiasi kile kile. Ni sehemu ya ala. Tofauti yake na ile osileta iliyochoka ni kwamba huu haujazeeka.

Saa 9 alasiri

Wateja wawili wa modula, yaani vipande vya sinthesaiza ambavyo mtu huviunga mwenyewe kwa nyaya, haraka haraka.

Wa kwanza ana kichujio kipya cha Eurorack kilichotoa moshi. Mfumo huu, alioanzisha Dieter Doepfer kwa A-100 katikati ya miaka ya 1990, unatumia umeme wa volti 12 chanya na 12 hasi kupitia utepe wa nyaya, na mstari mwekundu wa utepe lazima ukae upande wa hasi. Ameugeuza. Chipu mbili zimeungua, nyingine zimenusurika.

Wa pili ananiambia sinthesaiza yake ya MS-20 ni mbovu: akiiendesha kutoka kwenye modula, noti zinakwenda ovyo. Si mbovu. MS-20 hupanda kwa hezi kwa volti, yaani kila volti huongeza hezi kwa idadi ile ile, modula zake kwa volti kwa oktava. Anahitaji kigeuzi katikati, hahitaji fundi. Aliondoka akiwa na furaha, mimi nikiwa sina hela.

Saa 11 jioni

Mwenye Minimoog amefika. Anapiga chini kwanza, besi, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Anapanda juu, upande aliokuwa anaukwepa, anasimama.

"Umeongeza nini?"

"Sijaongeza kitu."

Anarudia. Kisha uso unabadilika kidogo: "Mbona imekuwa safi mno?" Namwonyesha kizungushio cha osileta ya pili. Anakisogeza kiasi cha unywele, sauti inaanza kupumua, tena sasa inapumua kuanzia chini hadi juu. Anasema ni nzuri. Anasema pia kwamba si *ile*. Tumeachana hapo, ameibeba. Sijui kama nimemshawishi, na sitadai kwamba nimefanya hivyo.

Saa 1 usiku

Wapenzi wa ala hizi tunakutana chumba kimoja, kila mtu na mashine yake na fungu la nyaya zilizotatana. Ubishi wa leo umeanzishwa na Prophet-5 mbili zilizokaa meza moja, zote kazi ya Dave Smith. Ile ya 1978 ina kibonyezo cha TUNE: ukikibonyeza, kompyuta ndogo ya ndani inazipitia osileta na kuzirudisha kwenye mstari. Ile ya 2020 ina kizungushio kilichoandikwa Vintage, na kazi yake ni kuzitoa kwenye mstari, kutoka 4 iliyotulia hadi 1 inayoyumba.

Mmoja anasema huo ni utapeli, kuuza ubovu kwa makusudi. Mwingine anasema ni uungwana, kwa kuwa ubovu umewekewa mlango na ufunguo umepewa mpigaji. Mimi niko upande wa huyo wa pili, nikasema hivyo, nikaambiwa fundi hana haki ya kupiga kura. Tukazifunika ala kwa kitambaa, mtu akapiga, tukakisia. Tulikosea kwa wingi, hasa waliokuwa wanapiga kelele.

Katikati ya kelele hizo kijana mmoja akaingia na Korg Poly-61 kwenye begi, amerithi kwa mjomba wake. Haijawashwa tangu mjomba alipoacha muziki. Alikuwa ameshaushika waya wa umeme, watu wamemzunguka, simu ziko juu tayari kurekodi. Nikamwomba bisibisi kwanza. Tulipofungua, betri ya awali ilikuwa hapo hapo, na kijani kimeshafika kwenye shaba ya karibu, si mbali sana. Nikaikata betri palepale mezani, nikamwambia ailete kesho asubuhi, na waya ule autumie kwenye ala ya mtu mwingine.